Nani Anachimba Chini Yetu

Salamabila, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Darasa langu la fizikia lina wanafunzi wengi kuliko madawati. Waliochelewa wamekalia matofali. Nimeanza daftari hili leo na nitaliandika kwa Kiswahili, maana Kifaransa nakitumia ubaoni kutwa nzima, na jioni ulimi unataka kurudi kwao.

Mume wangu Byamungu amemaliza kitanda cha mteja wa sokoni. Binti yetu Esther-Divine ameshapoteza kiatu kimoja.

7 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana. Imepiga mabati mpaka hatusikilizani. Ilipokatika, mlango wa chumba chetu ukagoma kufungika, unakwaruza sakafu. Mume wangu ni seremala, hakusumbuka.

“Ubao imekunywa maji, Mama Esther.”

Akaupiga randa kwa chini, ukafungika.

15 Septemba

Mlango tena. Randa tena.

19 Septemba

Leo nimefundisha namna nguvu inavyobadili umbo la kitu. Nilibeba mpira wa ndani wa baiskeli, kijiti kibichi, donge la udongo na tofali la kuchoma. Tukavuta, tukabonyeza, tukapinda, tukasokota. Mpira ukiachiwa unarudi ulivyokuwa. Udongo haurudi, unabaki na alama ya kidole chako. Kijiti kinapinda, kinalia, nyuzi zake zinakatika moja baada ya nyingine. Tofali linakaa kimya, halafu linakuwa mawili.

Sarah-Grâce, msichana anayekaa mbele, akauliza: “Mwalimu, tofali haiwezi kuonya mutu?”

Nikamwambia linaonya, ila kwa ufa mdogo sana, na mwenye nyumba hupenda kujiambia kwamba ni chokaa tu imebanduka.

26 Septemba

Kuna ufa. Unaanzia chini kushoto kwenye ukuta unaotenga sebule na chumba chetu, unapanda kwa kufuata maungio ya matofali kama ngazi, ukielekea kulia. Kidole hakiingii. Ukucha unaingia.

Nyumba hii hatukurithi kwa mtu. Tuliijenga mwaka Esther-Divine alipoanza kutembea. Mabati niliyanunua mimi kwa mshahara wa shule, na Byamungu akatengeneza milango na miti ya paa. Alikuwa ametoka tu kwenye mashimo ya dhahabu. Yeye kwao ni Walungu, mbali na hapa. Alikuja huku na kaka yake mkubwa kutafuta maisha, na udongo ukamwangukia yule kaka mbele ya macho yake. Siku ya matanga Byamungu aliapa, mbele yangu na mbele ya mama yake, kwamba hataingia chini ya ardhi tena mpaka siku atakayopelekwa na wengine. Hajaingia. Katika mji huu ambapo kila mwanamume ana udongo masikioni, nimemheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Nilimwonyesha ufa. Akautazama kwa muda mrefu kuliko ufa mdogo vile unavyostahili.

“Ni mafundi,” akasema. “Walitia mchanga mingi.”

27 Septemba

Nimerudi kutoka shuleni nikakuta ufa umezibwa kwa udongo mpya na kulainishwa vizuri. Mume wangu hajawahi kutengeneza kitu cha nyumbani kwake bila kubembelezwa mwezi mzima.

4 Oktoba

Kiraka chake kimepasuka.

5 Oktoba

Nimeomba sima ya kujengea kidogo kwa mafundi wanaokarabati choo cha shule. Nimepaka ukanda mwembamba kukatiza ufa, nikauficha nyuma ya kalenda. Sima haijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, itakatika.

9 Oktoba

Imekatika.

Kwa hiyo si mchanga wala mafundi. Mchanga mbaya unaharibu ukuta mara moja na kuuacha. Ukuta wangu unaendelea. Kitu kinashuka chini yake, na katika mji huu, kitu kikishuka chini ya nyumba kuna mtu aliyekiondolea cha kukalia.

12 Oktoba

Nyumba iliyo nyuma ya yetu imepangishwa tangu kiangazi kwa mtu anayeitwa Katembo, kutoka Butembo. Anasema anauza chumvi na samaki wakavu. Yuko na mwenzake, Alain, kijana kutoka kijiji cha Wamaza mwenye mabega mapana, ambaye hatujui anauza nini. Sijamwona Katembo na samaki hata mmoja. Lakini nimeziona kucha zake, na zina udongo mwekundu, ule unaotoka ndani sana. Udongo wa juu hapa ni wa kahawia.

Walikuwa wanachimba choo. Choo gani hakiishi toka mwezi wa nane? Leo nimevuka uzio na kumwambia wazi kwamba nataka kukiona. Alinitazama, akacheka kwa upole, akanipeleka. Ni choo kama vyoo vyote, kimeshafunikwa kwa magogo, shimo lake fupi hata harufu inafika mapema.

“Mama mwalimu, ulifikiri iko dhahabu ndani?”

Nimerudi nyumbani na aibu yangu. Byamungu alikuwa amesimama kwenye karakana yake, msumeno mkononi, anatutazama. Hakuuliza nilikwenda kufanya nini.

20 Oktoba

Malaria. Sikwenda kanisani.

21 Oktoba

Bado nimelala. Asubuhi Byamungu alitoka, mtoto akaenda shule, nyumba ikanyamaza. Ndipo nikasikia. Tok. Tok-tok. Halafu kimya. Halafu tok.

Nilishuka kitandani nikalaza sikio kwenye sakafu. Sima ilikuwa ya baridi na ilinifariji, nusura nilale pale pale. Sauti ilikuja tena, na safari hii niliisikia kwa mfupa wa shavu kabla ya sikio. Chuma juu ya jiwe.

Byamungu alipoingia akanikuta chini.

“Unafanya nini pale?”

“Kuna watu wanachimba chini yetu.”

“Uko na homa. Ile ni wamama wanatwanga mawe kule ngambo.”

Kweli wanawake wanatwanga mawe ya dhahabu ng'ambo ya barabara, kutwa, kwenye vinu vyao vya chuma. Nimewasikia miaka yote. Lakini kinu kina mwendo, kama ngoma. Huyu wa chini alikuwa anapiga, anasikiliza, anapiga.

Akanibeba akanirudisha kitandani. Mikono yake ilikuwa ya moto kuliko mimi mgonjwa.

29 Oktoba

Nimepona. Nimegundua mguu mmoja wa kitanda chetu, upande wa ukutani, umewekewa kibao chini yake. Kimekatwa vizuri na kupigwa msasa. Sikuomba.

2 Novemba

Mvua kila siku. Jirani yetu wa upande wa kijito ni Sumaili, fundi cherehani, mtu wa hapa hapa, Mubangubangu. Uwanja wake ulikuwa bonde. Kila mvua mkewe Faida alikuwa akitoa maji kwa sufuria. Leo nimeona uwanja wote umeinuliwa na umeshindiliwa. Kwa udongo mwekundu.

Sasa nakumbuka magunia. Mara ngapi nimeyaona yakipita uwanjani kwake kuelekea kwenye kijito, alfajiri ninapoosha uso? Nilidhani ni mihogo ya kuloweka.

Sumaili ndiye aliyeshona kitenge changu cha ubatizo wa Esther-Divine, na alikataa malipo. Mtu anaweza kukufanyia wema juu huku anakuondolea chini. Nimekaa mlangoni nikimsikiliza akikanyaga cherehani yake. Kila akinyamaza, nilijiuliza ameenda wapi.

6 Novemba

Nimefanya. Nimemshtaki Sumaili kwa shefu wa mtaa.

Shefu alikuja jioni na viti vyake viwili, watu wakajaa. Nilisema yote: ufa, sima, sauti, udongo mwekundu. Nilisema kama ninavyosema darasani, hatua kwa hatua, na nikaona watu wakitikisa vichwa kukubali. Nakiri nilipendezwa.

Sumaili alikuwa na sindano imechomekwa kwenye kola ya shati lake. Alisubiri nimalize.

“Mama Esther, ule udongo alinipa Katembo. Aliniambia ni ya choo. Niliomba mi mwenyewe, juu maji inaniingilia.”

“Choo nimekiona,” nikasema. “Ni kifupi. Hakiwezi kutoa udongo wa kujaza uwanja mzima. Na magunia yanayopita kwako?”

“Njia ya kijito inapita kwangu. Nifunge njia?” Kisha akainuka, akasema polepole, kwangu peke yangu ingawa wote walisikia: “Babu yangu alizikwa hapa. Mi naweza kuchimba chini ya mutu amelala na mutoto wake?”

Katembo alikuwepo. Aliitwa, akasema udongo mwingine aliununua kwa watu wa barabara. Hakuna aliyemuuliza watu gani. Nilimgeukia mume wangu ili aseme neno. Byamungu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

“Tuache maneno, mama,” akasema. “Jirani ni jirani.”

Shefu aliamua kwamba Sumaili aangaliwe. Maana yake watu wamtazame vibaya mpaka watakapochoka.

10 Novemba

Faida hanisalimii. Wateja wa Sumaili wamepungua. Nilitaka kuona hivyo, na sasa naona, na silali vizuri.

14 Novemba

Kuna ufa wa pili.

Huu umeanzia chini kulia, unapanda kuelekea kushoto. Nimekaa mbele ya ukuta na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nyufa mbili zinaegemeana kwa juu kama mapaa ya nyumba. Zote ni pana chini na nyembamba juu. Matofali yaliyo kati yao yanashuka, na yale ya juu yanajaribu kujishikilia yenyewe kama tao. Ardhi haikushuka upande wa kijito, kwa Sumaili, wala pembeni popote. Inashuka katikati ya nyumba yangu, na mguu wa kitanda wenye kibao uko pale pale.

Mtu wa kawaida asingejua mahali pa kuweka kibao kile kabla ya ufa huu kuonekana.

17 Novemba

Nimeanza kumtazama Byamungu kama nilivyowatazama wengine. Ni kazi chafu kumpeleleza mtu mnayekula naye sahani moja.

Karakanani kwake kulikuwa na magogo, miti mibichi minene yenye urefu wa mtu. Wiki jana yalikuwa mengi. Leo yamebaki mawili.

“Magogo yako wapi?”

“Niliuza. Mutu wa Wamaza.”

“Mtu wa Wamaza, kule porini, anakuja kununua miti Salamabila?”

Akaendelea kupiga randa. Kitanda hakitengenezwi kwa magogo. Mlango hautengenezwi kwa magogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kunieleza, tulipokuwa wachumba, kwamba wachimbaji wanapenda mti mbichi kwa kushikilia udongo, kwa kuwa unalia kabla haujavunjika, na mtu anapata nafasi ya kukimbia.

21 Novemba

Nimempeleka Esther-Divine kwa mwalimu mwenzangu Véronique, pamoja na nguo zake. Nimesema nyumba inavuja. Véronique amenitazama usoni akachukua mfuko.

Baada ya chakula nimemuuliza Byamungu, bila kuzunguka:

“Unajua nani anachimba?”

“Mi siingii chini. Unajua.”

“Sikuuliza kama unaingia.”

Alikunja tonge la bukari kwenye vidole, akalichovya kwenye mboga ya sombe, akalirudisha sahanini. Akasema ana kichwa kinachouma. Akatoka.

22 Novemba

Naandika haya nikiwa kwa Véronique.

Mvua ilianza asubuhi na haikunyesha kwa hasira, ilinyesha kwa subira, ndiyo mbaya. Nimetoka shuleni mchana. Nilikuwa bado njiani nilipomwona Alain akitoka mlangoni kwa Katembo. Kutoka si neno lake. Alitambaa, mwili mzima matope mekundu, hata kope. Akasimama, akaanguka, akapiga kelele:

“Katembo iko chini! Imefunga! Imefunga nyuma yangu!”

Watu walikimbia wakaingia kwa Katembo. Nami niliingia. Katikati ya chumba chake cha kulala, mahali pa kitanda, kulikuwa na shimo la mraba na ngazi ya miti. Chini ya ngazi, njia inayokwenda upande wa nyumba yetu. Baada ya hatua chache njia ilikuwa ukuta wa matope.

“Yuko wapi ndani?” wakamuuliza Alain.

“Mbele. Kwa mwisho. Sijui, sijui juu yake ni nini!” Alikuwa anatapika maji. Mtu wa chini hajui kuna nini juu. Anafuata jiwe tu.

Kuchimba kufuata njia ile ingechukua siku nzima. Nilitoka nikamwona Byamungu amesimama kwenye mvua katikati ya viwanja viwili, hana kofia, mikono imening'inia. Nikaenda nikasimama mbele yake karibu sana.

“Wapi?”

“Nini?”

“Byamungu. Kuna mtu anakufa chini ya nyumba yangu. Wapi?”

Midomo yake ilisogea kabla sauti haijaja.

“Chini ya kitanda yetu.”

Nimeyasikia maneno mengi kwa mume wangu, ya mapenzi na ya ugomvi. Hakuna lililowahi kuniingia kama hili. Lakini hapakuwa na nafasi ya kuliangalia. Nyumba ilikuwa inalia. Miti ile ya paa aliyoitengeneza yeye ilikuwa inapasuka, uzi mmoja baada ya mwingine, na mabati yamejikunja upande mmoja kama ukurasa uliolowa.

Nilipaza sauti ya darasani. Mtu asipite mlangoni! Ukuta wa kati ulikuwa umebebwa na tao lile tu la matofali, na yeyote ambaye angeugusa angeumaliza. Nikasema tuingie kwa dirisha la chumba, tuegemeze yale magogo mawili ya karakanani kwenye ukuta kwa ndani, tuvunje sakafu mbali na ukuta kadiri mahali pa kitanda panavyoruhusu. Watu walisimama wakitazamana. Nyumba inayolia hakuna anayependa kuiingia.

Aliyepita mbele yangu alikuwa Sumaili. Alikuwa ametoka kwenye sala ya Ijumaa, amevaa kanzu nyeupe. Alipandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akashika sururu ya mtu mwingine, akaingia dirishani. Hakunitazama. Baada yake wakaingia wengine.

Kitanda chetu kilivunjwa kikarushwa nje dirishani. Sakafu ilipasuka kirahisi. Chini ya sima palikuwa na uwazi ambao mkono unapita. Walichimba kwa zamu, udongo ukitolewa kwa mabeseni yangu ya kufulia. Walipofika kwenye gogo lililolala mshazari, tukasikia mtu anagonga. Tok. Tok-tok. Mimi nikalia hapo, sijui kwa nini hapo.

Nafasi ilikuwa nyembamba. Sumaili alijaribu kuingiza mabega yakakataa. Alain hakuwa na nguvu za kusimama. Byamungu akavua shati.

“Mi najua miti yake,” akasema. “Niliichagua mi.”

Nilimfunga kamba kiunoni mwenyewe. Mtu huyu aliyeapa kwenye matanga ya kaka yake alilala kifudifudi juu ya udongo wa chumba chetu, akaingia kichwa kwanza chini ya nyumba yangu, na mimi nikashika kamba. Niliogopa atakufa, na nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba viganja vyangu vimechubuka.

Walitoka pamoja, Katembo akivutwa kwa kwapa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekaa mahali ambapo mguu haukai. Alikuwa hai. Alikuwa anasema “asante” kwa kila mtu, hata kwa ndoo.

Tulipita wote dirishani. Byamungu alikuwa wa mwisho, na hakuwa amefika kwenye uzio wakati tao lilipoachia. Hakukuwa na kishindo kikubwa kama nilivyotarajia. Ukuta ulikaa chini kama mtu aliyechoka, paa likaufuata.

23 Novemba

Amesema yote, amekaa kwenye ngazi ya Véronique, mimi nimesimama.

Katembo alikuja kwake wakati wa kiangazi. Alikuwa amepata mkanda wa jiwe lenye dhahabu, unapita chini yetu. Akasema: ukikubali utapata sehemu yako, ukikataa nitapita hata hivyo na hutapata kitu. Byamungu alifikiri kwamba akiweka miti mwenyewe, au akielekeza iwekwe wapi, nyumba haitashuka. Alitaka pikipiki, tufanye biashara ya kwenda Kasongo, nisiwe mimi peke yangu ninayelisha nyumba.

“Sikuingia hata mara moja, Mama Esther. Niliwaonyesha tu kwa vijiti, juu ya meza.”

Najua hasemi uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Alikitunza kiapo chake kama mtu anayetunza ganda la karanga.

Sikumpigia kelele. Nilimuuliza jambo moja tu: “Siku ile mbele ya shefu, nilipokuwa namvunjia Sumaili jina lake, ulikuwa unafikiri nini?”

Akasema alikuwa anafikiri kwamba nikimshuku Sumaili, sitaangalia chini ya kitanda.

24 Novemba

Nimekwenda kwa Sumaili. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka yote kwenye kizingiti. Nikasema tu, “Papa Sumaili, nilikukosea.”

Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Akamaliza kwanza.

“Kanzu yangu,” akasema, “utaifua wewe.”

Faida akaileta imekunjwa, nzito kwa matope. Kisha akasema Véronique ana chumba kimoja na watoto wanne, na wao wana chumba kimeshakauka tangu uwanja uinuliwe. Amesema hivyo bila kutabasamu. Tumehamia, mimi na Esther-Divine. Byamungu analala karakanani.

25 Novemba

Nimefua kanzu mara tatu. Wekundu umebaki kwenye pindo. Sumaili ameitazama akaivaa.

1 Desemba

Katembo amepelekwa Kasongo kwa pikipiki, amefungwa nyuma ya dereva kwa kitenge. Habari zimefika kwamba mguu umekatwa chini ya goti.

Shefu ametuita tena na viti vyake. Kwanza nimesimama nikasema mbele ya watu wale wale kwamba Sumaili hana kosa, na nikarudia, maana waliokaa nyuma walikuwa wanaongea. Kisha shefu akauliza nataka nini kwa Byamungu na kwa Alain. Watu walitarajia nitaje mbuzi, au mabati. Nikasema nataka shimo langu lijazwe. Lote. Kuanzia kwa Katembo mpaka mwisho. Na wajaze wale waliolitoboa na aliyewaruhusu, kwa mikono yao.

Mzee mmoja akasema mwanamke huyu ana moyo mgumu, mume wake anaogopa shimo, kila mtu anajua. Byamungu mwenyewe akamjibu: “Mwache. Nitajaza.”

8 Desemba

Wanajaza. Kwanza wamelifungua lote kwa juu, liwe mtaro wenye anga, ili kusiwe na mtu chini ya kitu. Mawe yalikwenda kusagwa zamani, na udongo mwingine ni uwanja wa Sumaili, siwezi kuudai. Basi wanabeba kutoka ng'ambo ya kijito, kwa magunia yale yale. Kila tabaka wanalishindilia kwa gogo zito kabla ya kumwaga lingine. Sikuwafundisha, Byamungu anajua.

11 Desemba

Mvua. Hawakufanya kazi.

13 Desemba

Nasahihisha mitihani. Kuna mwanafunzi ameandika kwamba kitu kikilemewa kupita kiasi “kinakataa kurudi.” Nimempa alama zote.

Byamungu ametuma kiti kidogo cha mbao kwa Esther-Divine. Amekikalia mchana kutwa. Mimi sijakikalia wala sijakirudisha.

16 Desemba

Ninamwona kutoka dirishani kwa Faida. Kila asubuhi akifika kwenye ukingo anasimama kwanza, anafunga macho kidogo, ndipo anashuka. Alain anamsubiri. Hajakosa siku isipokuwa za mvua. Sijui bado ninachokiona, ni toba au ni woga wa watu. Nimeshapotea mara mbili mwaka huu kwa kudhani ninajua.

19 Desemba

Faida kaniuliza, tukichambua majani ya sombe: “Utamurudilia?”

Nikasema sijui.

“Hata mi sijui ningefanya nini,” akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi uliopita amezungumza nami kama zamani.

23 Desemba

Wamemaliza leo mchana. Alain alinawa akaenda zake Wamaza kwa sikukuu; aliniaga kwa mikono miwili. Kiwanja changu sasa ni mstatili wa udongo mtupu, mwekundu na wa kahawia umechanganyika, na rundo la matofali mazima ambayo Byamungu ameyaokoa na kuyapanga pembeni.

Nilikwenda peke yangu. Nikapanda katikati, pale palipokuwa na chumba chetu, nikakanyaga kwa kisigino. Nikaruka. Esther-Divine akaona ni mchezo, akaja kuruka nami. Palikuwa pagumu, tulisikia tu mshindo wa miguu yetu.

Byamungu alikuwa amesimama kwenye ukingo, gogo lake begani. Amekonda. Hakukanyaga mpaka nilipomtazama.

“Iko nguvu,” akasema.

“Leo, ndiyo.”

“Matofali inatosha ukuta moja. Ingine nitachoma mi mwenyewe.” Akangoja. “Tunajenga lini, Mama Esther?”

Ningeweza kumwambia mengi. Nilimwambia ninachokijua. Udongo uliorudishwa shimoni haujengewi mwaka ule ule, hata ushindiliwe namna gani. Ndani yake kuna nafasi ndogo ndogo zisizoonekana. Unashuka wenyewe polepole, na hakuna njia ya kuuharakisha.

“Ngoja mvua zote zipite juu yake,” nikasema. “Mpaka mwezi wa sita. Ndipo tutaona umeshuka kiasi gani.”

“Na ikishuka?”

“Utaongeza.”

Aliteremsha gogo begani, akaenda kwenye pembe ya kijito, mahali ambapo mimi na mtoto hatukuwa tumekanyaga, akaanza kushindilia.